UZI: Buford Pusser, sherifu wa Tennessee aliyeogopwa na majambazi, na kifo cha mkewe Pauline

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye bando la mawazo aje usiku.

Tarehe 29 Agosti 2025, katika Chuo Kikuu cha Tennessee tawi la Martin, mwendesha mashtaka Mark Davidson alikaa mbele ya waandishi wa habari akiwa na mkurugenzi wa TBI, yaani idara ya upelelezi ya jimbo hilo. Wakasema hivi: kama Buford Pusser angekuwa hai leo, ushahidi uliopo unatosha kupelekwa mbele ya jopo la raia ili ashtakiwe kwa kumuua mke wake, Pauline.

Huyu Pusser ndiye yule wa filamu ya Walking Tall, jitu la futi sita na inchi sita linalotembea na gongo la mti likivunja meza za kamari. Kwa miaka hamsini na ushee ametajwa kama mfano wa askari asiyenunulika. Ana makumbusho, ana tamasha la kila mwaka. Na msingi wa sifa zote hizo ni kifo cha huyo huyo mke.

Kwanza tuelewane kuhusu usherifu, maana mzizi wa mambo uko hapo. Sherifu wa kaunti kule hateuliwi kama OCD wetu. Anapigiwa kura. Anagombea kwa tiketi ya chama, akishinda anaajiri wasaidizi anaowataka, na mahabusu ya kaunti iko chini yake. Kwenye kaunti ya mashambani kama McNairy, kaunti ya Pusser, ambako watu wanalima na kila mtu anamjua mwenzake kwa ukoo, sherifu ndiye polisi, ndiye mpelelezi, ndiyo sura ya serikali. Pusser aliposhika ofisi alimpa baba yake mzazi, Carl, kazi ya kusimamia mahabusu. Jaribuni kufikiria OCD wa Kilosa akifanya hivyo.

Nashusha sehemu ya pili sasa hivi.

#2 Ngalawa

Mkuu nimevuta kigoda. Mimi ile Walking Tall ya The Rock niliiona kibanda cha video, shilingi mia. Mwanajeshi anarudi kwao anakuta kiwanda kimefungwa, kasino imefunguliwa. Kumbe ni habari ya kweli?

#3 Mleta uzi

Ya The Rock ni ya 2004, wakaihamishia jimbo la Washington na jina wakabadilisha. Ya mwanzo ni ya 1973, Joe Don Baker ndiye mwigizaji, na pale jina ni Buford Pusser mwenyewe, mchana kweupe, akiwa bado hai.

Tuendelee. Pusser alizaliwa tarehe 12 Desemba 1937 kwenye kijiji kinaitwa Finger, humo humo McNairy. Alicheza mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani shuleni, akaingia jeshi la wanamaji, pumu ikamtoa. Akaenda Chicago mwaka 1957, akawa anapigana mieleka kwa jina la Buford the Bull. Huko ndiko alikompata Pauline Mullins, mwanamke aliyemzidi umri kidogo, aliyekwisha kuachika na ana watoto wawili. Walioana Desemba 1959, baadaye wakapata binti yao.

Mwaka 1962 akarudi nyumbani, akawa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Adamsville, nafasi ambayo baba yake aliishika kabla yake. Mwaka 1964 sherifu aliyekuwepo alikufa kwa ajali ya gari, Pusser akashinda uchaguzi. Alikuwa na miaka 26. Hakuna sherifu aliyekuwa kijana kuliko yeye katika historia ya jimbo.

Sasa adui zake. Barabara kuu namba 45 inatoka Tennessee kuingia Mississippi kuelekea Corinth. Pale mpakani palikuwa na msururu wa vilabu na nyumba za wageni: kamari ya kuibiwa, danguro, na pombe ya magendo. Kumbukeni Mississippi ilikuwa jimbo la mwisho Marekani kuondoa marufuku ya pombe, mwaka 1966. Kwa hiyo gongo lilikuwa biashara hasa, si ya bibi na pipa lake kichakani. Na mpaka ulisaidia: ukikimbizwa huku unaruka kule. Wenyewe waliitwa State Line Mob, na walishirikiana na wahuni wa majimbo mengine ya kusini waliokuja kuitwa Dixie Mafia. Mkubwa wao alikuwa Carl Douglas White, wanamwita Towhead. Mwanamke aliyeshika vilabu alikuwa Louise Hathcock, mwenye Shamrock Motel. Mwaka 1964 mume wake wa zamani alipigwa risasi akafa, na Louise akadai kujitetea. Wakamwacha.

Kumbukeni neno hilo "kujitetea". Linarudi.

#4 Jogoo la Shamba

Mleta mada usije ukamchafua mzee wa watu. Wale walikuwa wauaji. Nani mwingine alithubutu kuingia mle?

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo sina ubishi nawe. Pale mpakani watu waliibiwa, walipigwa, waliuawa, na masherifu waliotangulia hawakupafunga. Pusser aliingia. Anayesema yote yalikuwa maigizo hajasoma.

Ila sasa tazama haya matukio moja moja.

Tarehe 1 Februari 1966 Pusser anafika Shamrock kufuatilia malalamiko ya mteja aliyeibiwa. Kwa maelezo yake, Louise akamwita chumbani waongee faragha, akachomoa bastola, ikagoma kufyatuka, naye akampiga risasi. Louise akafa. Ikaandikwa: alijitetea.

Januari 1967 anapigwa risasi tatu na mtu ambaye hakutambuliwa. Akapona.

Agosti 12, 1967. Hii ndiyo yenyewe. Kabla hakujapambazuka, simu inalia nyumbani: kuna fujo huko New Hope Road. Anaondoka na mkewe ndani ya gari. Kwa maelezo yake, wanapita kanisa la New Hope, gari jingine linatokea nyuma, linawafikia, linamimina risasi. Pauline anapigwa. Yeye anakanyaga mafuta, anasogea mbele kiasi, anasimama kumwangalia mkewe. Wauaji wanarudi, wanapiga tena. Risasi inampasua taya. Pauline amekufa, miaka 33. Pusser akalazwa siku 18, na uso ule ulifanyiwa upasuaji mara nyingi kuujenga upya.

Nchi nzima ikalia naye. Akataja watu anaowashuku, wakiwemo Towhead White na Kirksey Nix. Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kifo cha Pauline. Desemba 25, 1968, sikukuu ya Krismasi, akamuua kwa risasi mtu mwingine, Charles Russell Hamilton, akiwa kazini.

Sasa naomba mnijibu: katika kifo cha Louise, aliyetusimulia kilichotokea chumbani ni nani? Na pale New Hope Road, aliyetusimulia ni nani?

#6 Ngalawa

Aisee. Mtu mmoja.

#7 Mleta uzi

Mtu mmoja, mkuu. Na si mtu wa kawaida. Mlalamikaji, shahidi pekee, mjane wa marehemu na mkubwa wa polisi wa kaunti ambako mauaji yametokea, wote wanne wamo kwenye suruali moja. TBI walikuja mwaka ule 1967, ni kweli, lakini walikuja kumpeleleza nani? Alikuwa kitandani uso umefungwa bandeji, shujaa wa taifa. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa ramani ya upelelezi. Na jambo ambalo mimi lilinifanya niweke simu chini: maiti ya Pauline haikufanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Mke wa sherifu kauawa kwa risasi, hakuna aliyemfungua kuangalia risasi ziliingilia wapi.

#8 Wakili Msomi

Mleta uzi endelea, lakini weka na ushahidi wa 2025 kama ulivyo, usiweke chumvi. Nina maoni.

#9 Mleta uzi

Sawa msomi, huu hapa bila chumvi.

Mwaka 2022 TBI walilichukua faili katika utaratibu wao wa kupitia kesi za zamani ambazo hazikufungwa. Baadaye wakapata kidokezo kuhusu silaha inayoweza kuwa ndiyo iliyotumika. Walipogundua kuwa hakuna uchunguzi wa maiti, wakaongea na familia ya Pauline, na tarehe 8 Februari 2024 kaburi likafukuliwa pale Adamsville. Miaka 56 na ushee chini ya ardhi.

Mifupa na picha za mwaka 1967 akapewa daktari Michael Revelle. Haya ndiyo aliyoyaona.

Moja, majeraha ya kichwani mwa Pauline hayaendani na picha za ndani ya gari. Kama angepigwa akiwa amekaa kwenye kiti chake kama ilivyosimuliwa, ndani ya gari pangeonekana vingine.

Mbili, kulikuwa na damu iliyoruka juu ya boneti, nje ya gari. Mtu aliyekaa ndani, damu yake inafikaje juu ya boneti? Maoni ya daktari ni kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba Pauline alipigwa akiwa nje, kisha akawekwa ndani.

Tatu, lile jeraha la shavuni kwa Pusser. Lilikuwa la mtutu uliogusa au kukaribia ngozi, si la risasi iliyotoka gari jingine. Maoni yake: yaelekea alijipiga mwenyewe.

Nne, na hili watu wengi wanalipita haraka. Mfupa wa pua ya Pauline ulikuwa umevunjika na ukapona kabla ya siku ya kifo. Na watu waliohojiwa walieleza mambo yanayoelekea huko huko, kwamba ndoa ile ilikuwa na kipigo.

Faili lote lina kurasa zaidi ya elfu moja na limekabidhiwa hicho chuo cha Martin ili watu wasome.

#10 Bibi Mwarobaini

Mwanangu, mimi nimesoma mpaka hiyo ya pua nikasimama.

Huyu mama kavunjwa pua. Haya, angekwenda kushtaki wapi? Kituo ni cha mumewe. Funguo za mahabusu anazo baba mkwe. Wasaidizi wote wameajiriwa na mumewe. Na kwao alikozaliwa ni mbali. Nyie mnabishana boneti na risasi, mimi nauliza alipovunjika pua daktari aliyemtibu aliambiwa nini. Kaanguka bafuni?

Nimekaa na mashemeji polisi maisha yangu yote. Wazuri wapo, wengi tu. Lakini mke wa askari mkubwa akipigwa, mtaa mzima unasikia na mtaa mzima unaongeza sauti ya redio.

#11 Mleta uzi

Bibi shikamoo. Ndicho nilichotaka kukisema nikakosa namna. Kwenye filamu Pauline yupo ili afe. Akishakufa, mume anaruhusiwa kufanya lolote, na mtazamaji anashangilia. Ndugu yake wa tumbo moja ndiye mmoja wa walioongea baada ya tangazo la 2025, na familia ndiyo iliyokubali kaburi lifukuliwe. Miaka yote hiyo waandishi walikuwa wanapanga foleni kwa Buford, si kwao.

#12 Bibi Mwarobaini

Marahaba baba.

#13 Wakili Msomi

Sasa zamu yangu. Naona humu watu wameshamfunga marehemu.

Tofautisheni mambo mawili. Jopo la raia linalosikiliza kabla ya mashtaka linaamua tu kama mtu ana kesi ya kujibu. Linasikia upande wa serikali peke yake. Hapo hakuna wakili wa utetezi anayemsimamisha daktari na kumuuliza: picha ulizotumia ni ngapi, zimepigwa na nani, saa ngapi, gari lilikuwa limeshahamishwa au bado? Mifupa iliyokaa ardhini nusu karne ina mangapi yanayoweza kuielezea vingine?

La pili, sikilizeni lugha ya daktari. "Uwezekano mkubwa zaidi" ni kipimo cha kesi za madai. Kesi ya mauaji inataka ithibitishwe pasipo kuacha shaka. Kati ya vipimo hivyo viwili mtu anaweza kutoka huru.

Sisemi hakufanya. Nasema mwendesha mashtaka alichagua maneno yake kwa uangalifu, na sisi tuyaheshimu. Hakusema "Pusser ni muuaji aliyethibitika mahakamani". Hawezi. Marehemu hashtakiwi.

#14 Jogoo la Shamba

Asante msomi! Na mimi naongeza swali la akili ya kawaida. Mtu gani anajipasua taya mwenyewe? Angejipiga mguuni basi. Ule uso ulimtesa mpaka anakufa.

#15 Mleta uzi

Jogoo, swali lako ni zuri na ndilo lililomlinda miaka yote. Kila aliyeona ule uso alisema haiwezekani. Lakini wewe umeuliza kwa nini, daktari ameulizwa mtutu ulikuwa umbali gani. Hilo la pili lina jibu kwenye ngozi na mfupa. La kwanza alikufa nalo. Inawezekana alikusudia mkwaruzo, mkono ukateleza. Sijui, na si kazi yangu kumtungia.

Msomi, nakubaliana nawe karibu yote, ila moja. Unasema hakuna utetezi uliosikilizwa. Utetezi wa Pusser umesikilizwa tangu 1967 mfululizo. Vitabu, magazeti, filamu, nyimbo. Aliyekuwa hajasikilizwa hata siku moja ni upande wa pili. Hata hilo faili lisingefunguka bila watu wachache waliokataa kunyamaza, akiwemo askari mmoja wa zamani wa Arkansas aliyechimba habari hii kwa miaka.

#16 Dereva wa Memphis

Wakuu nipo huku Tennessee, naendesha lori, barabara ya 64 naipita mara kwa mara. Adamsville ni mji wa kupita tu, ukipiga chafya umeutoka. Ile nyumba yake ndiyo makumbusho, nyumba ya tofali ya kawaida.

Ninachoweza kusema, usije ukaingia mgahawani kule ukaanza mada hii kwa sauti. Wazee wanamkumbuka kama aliyewafukuzia majambazi, na wapo wanaosema serikali imengoja afe ndiyo imseme. Vijana wengine wanakwambia "babu alikuwa anajua siku nyingi". Nilimuuliza mama mmoja kituo cha mafuta, akaniangalia, akanirudishia chenji yangu.

#17 Ngalawa

Hahaha chenji ndiyo jibu. Mleta uzi, yeye Pusser alikufaje? Umetuacha hewani.

#18 Mleta uzi

Sheria ilimzuia kuendelea baada ya vipindi vitatu vya miaka miwili miwili, akatoka 1970. Akagombea tena 1972, akashindwa. Wapiga kura wa kaunti yake mwenyewe! Hilo huwa halitajwi sana kwenye masimulizi ya ushujaa. Waliomwona kwa karibu walimkataa, mwaka uliofuata filamu ikatoka, Marekani nzima ikampenda.

Tarehe 21 Agosti 1974 alikuwa Memphis, akakubaliana na watengenezaji wa filamu kwamba sehemu inayofuata aigize mwenyewe, acheze Buford Pusser. Jioni akaenda kwenye maonyesho ya kaunti. Usiku akirudi nyumbani na Corvette yake, gari likaacha njia, likagonga tuta la ardhi na kuwaka moto. Akarushwa nje, akafa. Miaka 36. Binti yake, aliyekuwa kwenye gari jingine, akalikuta eneo la ajali.

Uvumi ukaanza usiku huo huo kwamba gari lilichezewa. Askari wa barabarani wa jimbo waliiandika kuwa ajali.

#19 Jogoo la Shamba

Na Louise je? Nae watamfukua?

#20 Mleta uzi

Tangazo la 2025 lilihusu Pauline peke yake. Kifo cha Louise kimebaki kilivyoandikwa, alijitetea. Yeye alikuwa mwenye danguro, na watu wa aina hiyo wakifa mikononi mwa askari faili linafungwa mapema. Kusema kweli sijui kama Louise alichomoa bastola au hakuchomoa. Kwa historia yake angeweza kabisa. Ninachosema ni kwamba baada ya New Hope Road, maneno ya shahidi yule yule hayawezi kupewa uzito ule ule.

#21 Wakili Msomi

Hapo umesema kisheria kabisa. Shahidi akionekana mwongo kwenye jambo kubwa, mahakama inayapima upya na mengine, haiyatupi yote. Kuna jambo moja hujaligusa lakini. Wale aliowataja.

#22 Mleta uzi

Nilikuwa nalifikia msomi.

Towhead White alipigwa risasi akafa pale Corinth, Aprili 1969. Wawili wengine kati ya waliotajwa waliuawa kwa risasi Texas ndani ya miaka michache. Kwa miongo mingi watu wamenong'ona kwamba Pusser alikuwa na mkono wake, na walinong'ona kwa kumsifia: kalipa kisasi cha mkewe. Haikuthibitishwa kamwe. Kirksey Nix yeye alifungwa maisha Louisiana kwa mauaji mengine kabisa ya mwenye duka wa New Orleans, na jina lake limebandikwa kwenye kifo cha Pauline tangu wakati huo.

Hawa hawakuwa malaika. Nix ana damu mikononi iliyothibitishwa mahakamani. Lakini kama TBI wako sahihi, basi kwenye hili moja hawakuwepo kabisa. Walitajwa na mtu aliyejua hawakuwepo. Na kama kweli kuna mmoja wao aliyeuawa kwa sababu ya New Hope Road, basi hicho kisasi kililipwa kwa deni la mtu mwingine.

#23 Dereva wa Memphis

Na mahali kama hapa hakuna atakayelifungua hilo faili, mkuu. Nani atakwenda kumdai Towhead White?

#24 Mleta uzi

Hakuna. Mwenye muda aingie kwenye hifadhi ya chuo cha Martin asome kurasa mwenyewe, aanze na mahojiano ya 1967 na picha za gari, kisha arudi hapa tubishane. Msomi, wewe hasa nakungoja.